Wauguzi, ulizeni kabla ya kulipa ada

Mhariri,

Shahada ya uuguzi ya mtandaoni kwetu Pemba ni faraja: huachi zamu, huachi wanao ukavuka bahari kwenda Unguja. Ila mwenzangu mwenye diploma, kila akitoka zamu ya usiku, simu kaiegemeza kwenye birika la chai akisoma, amelipa mihula miwili ndipo akajua chuo chake cha nje hakitambuliwi. Roho iliniuma.

Ulizeni kwanza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tena, programu nyingi za Marekani za shahada hii kwa wenye diploma hudai leseni ya uuguzi ya huko. Na mafunzo ya vitendo, mtayafanyia hospitali gani?

Naiomba Wizara ya Afya ibandike orodha ya vyuo vinavyokubalika kila hospitali, Micheweni hadi Mkoani.

Muuguzi,
Chake Chake, Pemba