Hajaanguka miezi minne, basi dawa aache?

Baridi ya Juni ikianza kuuma hapa Mbeya, hakosi mtu wa kuja famasini kwetu Mwanjelwa kutafuta dawa ya kidonda cha moto. Ukimuuliza mgonjwa aliunguaje, anajibu kwa sauti ya chini: "Alianguka jikoni." Ukizidi kudadisi unakuta ni kifafa, na dawa alikuwa nayo. Aliiacha tangu Pasaka, kisa miezi minne ilipita hajaanguka.

Hapo ndipo tunapogombana na wateja wetu. Miezi minne bila kuanguka maana yake dawa inafanya kazi, si kwamba ugonjwa umeondoka. Ukiikata ghafla, hasa fenobabitoni, mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hali hiyo inaua. Kuacha dawa kupo, ila daktari ndiye anayeipunguza, pole pole, na mara nyingi ni baada ya miaka miwili au zaidi ya utulivu. Kwa hiyo dada yangu ukituambia "nipe vya wiki moja, vingine mwisho wa mwezi", usishangae tukikuweka kwenye benchi tuongee. Kama tatizo ni hela, sema kabla vidonge havijaisha. Fenobabitoni ni katika dawa za bei ndogo kabisa za kifafa, ila haiuzwi bila cheti cha daktari, hata kwa jirani.

Jambo lingine ni umri. Mtoto anayepata degedege wakati wa homa kali ana habari yake, na hospitali ni siku hiyo hiyo, maana huenda ni malaria au homa ya uti wa mgongo. Lakini mtu wa miaka thelathini, mzima, analima, anaanguka kwa mara ya kwanza maishani? Huku kwetu, kuanzia Mbozi hadi Njombe, nguruwe wanafugwa karibu kila kijiji, na wengine wanazurura. Lazima tumfikirie tegu wa nguruwe, yule mnyoo bapa.

Na hapa watu wengi wanachanganya. Ukila kitimoto yenye vifuko vyeupe kama punje za mchele, isiyoiva, unapata tegu tumboni. Mayai yake yanatoka na choo chako. Ni mayai hayo, yakirudi mdomoni kwa mikono isiyonawa, kwa mboga au kwa maji machafu, ndiyo yanayotoa viluwiluwi vinavyosafiri hadi kwenye ubongo na kujifungia humo, pengine miaka kadhaa kabla dalili hazijatokea. Ndiyo maana hata Muislamu asiyegusa nguruwe anaweza kuugua, endapo anayempikia ana tegu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo mengi yenye tatizo hili, watu wakiishi karibu na nguruwe wanaozurura, tegu huyu anahusika na karibu asilimia 30 ya kifafa. Tunalisema hili hasa kwa kina mama wanaosikia minong'ono ya kurogwa.

Sasa usije ukasoma hapa halafu ukaja kuomba dawa za minyoo, albendazo au prazikwanteli, umpe anayeanguka. Hatutakupa. Viluwiluwi vilivyojifungia kwenye ubongo vikiuawa na dawa hizo, ubongo unaweza kuvimba na hali ikawa mbaya zaidi. Kwanza apimwe, ikiwezekana kwa siti skani, yaani picha ya ubongo, na daktari aamue.

Akianguka mbele yako, msogeze mbali na moto, mlegeze kola, mlaze ubavu, tazama saa. Kijiko mdomoni hapana, maji hapana, kumkandamiza hapana. Povu lake haliambukizi, mguse. Ikipita dakika tano, au akirudia kabla hajazinduka, tafuta gari.

Si kila kifafa ni cha kuanguka, tukumbushane. Yupo mtoto anayekodoa macho darasani sekunde chache, akiitwa hasikii, mwalimu anadhani ni jeuri. Yupo mwenye mkono mmoja unaocheza wenyewe.

Kwetu tunafanya haya: tunakupangia dozi ya mwezi kwa siku, na tunakupigia simu siku tano kabla haijaisha. Tunauliza pia dawa nyingine unazotumia, na tunauliza pembeni, si mbele ya foleni. Fenobabitoni na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na ya baadhi ya ARV, ikiwemo dolutegravir. Anayetumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, na anataka mtoto aonane na daktari kabla ya mimba. Akishaipata, asikate dawa peke yake, awahi kliniki.

Ukija, leta cheti na vidonge vilivyobaki, hata kama umevifunga kwenye ncha ya kitenge.