Barua ya wazi kwa mashangazi: binti huyu haringi, anaumwa

Mashangazi wenzangu, mama wakubwa na mama wadogo, wa ukoo wetu na wa koo nyingine,

Assalaam aleikum. Nina miaka 72. Nimevaa sare ya uuguzi miaka 34, na sasa nimestaafu, nipo nyumbani Tanga. Barua hii nimeichelewesha kwa aibu, lakini msimu wa harusi umekaribia na sitaki kukaa kimya tena.

Sisi kwenye pindo la kanga tunafungia pesa. Binti wa kaka yangu, akiwa na miaka 16, alifungia chakula. Nilijua siku nilipochukua kanga zake kuzifua. Nikalifungua fundo, nikakuta chapati imechanwa vipande vidogo kama kucha, imekauka, pamoja na kipande cha samaki kilichoota ukungu. Mezani tulikuwa tukimwona anachana, anachovya kwenye mchuzi, mkono unakwenda kinywani. Kumbe kilichokuwa kikishuka tumboni ni maji tu.

Wakati huo tulikuwa tumeshahangaika miezi minane. Zahanati moja ilimtibu taifodi mara mbili, nyingine ikasema ni vidonda vya tumbo. Akafanyiwa kisomo, tukaambiwa ana jini. Na mimi, muuguzi wa miaka yote ile, nilisema anaringa. Alipoanza kufunga Jumatatu na Alhamisi tulimsifu kwa dini yake. Siku zake zilikuwa zimekatika, vidole vyake vya baridi mchana wa jua kali, mgongoni ameota vinyweleo laini kama vya kichanga, na sisi tunasema mtoto ana ibada.

Ugonjwa wake unaitwa anoreksia, wa kujinyima chakula kwa kuogopa unene. Msiniambie umeletwa na simu. Mwaka 1873 madaktari William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliueleza, kila mmoja kivyake, na wakati huo hata sinema haikuwapo. Ndugu yake ni bulimia: mtu anakula kwa pupa asiyoweza kuizuia, kisha anajitapisha au anakunywa dawa za kuharisha. Huyu mara nyingi hakondi, ndiyo maana anatupita machoni. Tazameni vifundo vya vidole vyake, huota sugu pale meno yanapokwaruza anapoingiza mkono kooni. Meno huliwa na asidi, mashavu huvimba chini ya masikio. Halafu kuna wanaokula kupita kiasi kwa siri bila kutapika, wakabaki na aibu yao chumbani. Na wavulana wanaugua pia, msiwasahau.

Najua swali lenu la kwanza: nani kamsababishia? Hakuna mtu mmoja. Ugonjwa huu hufuatana katika damu ya ukoo. Huwapata sana watoto wa kujibana, wale ambao kosa moja kwenye mtihani linawanyima usingizi. Balehe inachangia, msiba unachangia, kudhalilishwa kunachangia. Kisha inakuja dayati, au chai ya kukata tumbo aliyouziwa na rafiki, na kwa mtoto mwenye asili hiyo kuanza ni rahisi, kuacha ndiyo kazi. Mama yake msimbebeshe lawama. Wifi yangu alilia mwaka mzima kwa kuambiwa kamlea vibaya, na hakumlea vibaya.

Lakini maneno yetu yana uzito, na hapa nataka mnisikilize. Kule Fiji, kama kwetu pwani, mwili uliojaa ulikuwa sifa. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Daktari Anne Becker wa Harvard aliwauliza wasichana wa sekondari mwaka ule, hakuna aliyesema hujitapisha ili apungue. Aliporudi mwaka 1998, zaidi ya mmoja katika kila kumi alikiri. Miaka mitatu tu. Sisi tulilelewa tukiambiwa “umenenepa” tukafurahi, tukadhani neno limebaki vilevile. Watoto wetu wanalisikia kwa sikio jingine.

Mimi nililitamka ukumbini, kwenye singo, mbele ya wanawake wote: “Umekuwa kibonge, hilo gauni litafunga?” Alicheka, nikacheka. Miaka miwili baadaye alimsimulia mshauri maneno yale neno kwa neno, akataja na rangi ya dera nililovaa. Sidai kwamba neno langu peke yake ndilo lililomuuguza. Nasema tu kwamba alilibeba miaka miwili, na mimi nilikuwa nimelisahau kabla ya pilau.

Sasa tiba. Kosa letu kubwa lilikuwa kumnasihi. Kila shangazi alikuja na mawaidha yake, na mtoto akawa anatutazama kama tupo ng’ambo ya mto. Nilikuja kuelewa niliposoma habari za Minnesota, Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1944 mtafiti Ancel Keys alichukua vijana wa kiume 36, wenye afya na akili timamu, waliojitolea, akawapunguzia chakula hadi karibu nusu kwa miezi sita. Hakuna aliyekuwa na dayati kichwani. Hata hivyo waliingiwa na baridi, huzuni na hasira, wakawa wanaota chakula, wanakusanya vitabu vya mapishi, wanachezea sahani moja saa nzima. Njaa yenyewe iliwabadilisha. Ndipo nikamwona binti yetu: ule ukaidi na ule ukimya nusu yake ilikuwa njaa inayosema. Ubongo usiolishwa hauna pa kuyaweka mawaidha.

Kwa hiyo chakula kinatangulia. Kwa vijana, njia iliyothibitika zaidi ilianzia hospitali ya Maudsley, London: wazazi wanashika usimamizi wa kila mlo, wanakaa naye mpaka amalize, bila matusi na bila kubembeleza kusikoisha, na uzito ukirudi wanamrudishia uamuzi kidogo kidogo. Kwetu ilikuwa milo mitatu na vitafunio vitatu kwa siku. Siku nyingine uji wa kikombe kimoja ulichukua dakika arobaini na machozi ya watu watatu. Baba yake alihamisha zamu za kazi ili awepo mchana. Mtu mzima, au mwenye bulimia, husaidiwa zaidi na vikao vya kila wiki na mtaalamu wa saikolojia, vya kubadili fikra na mazoea ya kula, na kwa bulimia dawa ya fluoksetini huweza kusaidia. Anoreksia haina kidonge chake.

Jambo moja msilifanye kwa huruma: mtu aliyekaa wiki nyingi bila kula msimjazie sahani ghafla. Madini ya fosfeti kwenye damu huweza kushuka mno na moyo ukasimama. Huyo alishwe polepole hospitali, damu ikipimwa. Na anayezimia, anayelalamika moyo kwenda mbio au kukosa pigo, au anayetapika kila siku, mpelekeni leo, msingoje kisomo kiishe. Kutapika kunamaliza potasiamu, na moyo hauendi bila potasiamu. Mwambieni daktari waziwazi kwamba hali chakula, au anajitapisha, maana mgonjwa mwenyewe hatasema. Na Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur’ani. Asiye na ruhusa ni yule shangazi atakayemuuliza mbele za watu kwa nini anakula mchana.

Binti yetu ana miaka 23 sasa. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu, na katikati alirudi nyuma mara mbili. Bado kuna siku anakula akiwa ametazama ukuta.

Mwezi ujao fundi atakuja kuchukua vipimo vya sare. Mnajua tunavyofanya: mmoja anapima, mwingine anasoma kiuno na makalio kwa sauti, ukumbi mzima unashangilia. Safari hii nimemwomba fundi achukue vipimo chumbani, mtu mmoja mmoja, na aviandike kwenye daftari lake akiwa amenyamaza. Mlango nitaushika mimi.

Shangazi yenu, Tanga