Risala za mahafali ziandikwe kwa ajili ya sikio

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie risala za mahafali hapa Tanga. Zinaandikwa kana kwamba kila mgeni atapewa nakala mkononi. Msikilizaji hawezi kurudi mstari wa nyuma, likimpita, limempita.

Risala nyingi huanza na orodha ndefu ya wageni, ikaja historia ya shule tangu jiwe la msingi, mafanikio, changamoto, ndipo maombi tisa au kumi yafuate mwishoni, wakati waliokaa nje ya turubai wameshachomwa na jua. Mgeni rasmi atakumbuka lipi? Waandaaji waanze kwa kuandika sentensi moja: tunataka mgeni afanye nini? Kama ni madawati, yatajwe mapema, idadi yake na gharama yake, na historia ibaki ile tu inayoeleza upungufu ulikotoka. Maombi mawili yanatosha kabisa.

Muda upimwe kwa saa, si kwa kurasa. Penye kipaza sauti na upepo wa bahari, maneno 100 hivi kwa dakika yanasikika vizuri, maana neno letu moja kama "tutakapowakabidhi" limebeba sentensi nzima. Dakika 5 ni maneno 500. Mwanafunzi aliyepewa maneno 1,200 atakimbia, na akikimbia anameza silabi za mwisho. "Asilimia 66.7" nayo iwe "wawili kati ya kila watatu".

Walimu wa Kiswahili wawachambulie wanafunzi hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, kuhusu uvamizi wa Idi Amin. Sababu, uwezo, nia: mambo matatu, kila moja katika sentensi fupi ya umbo lile lile, ikitua kwenye "tunayo" au "tunao". Sisi tuliolelewa na mashairi tunajua kazi ya vina. Ila tazameni pia kwamba kila sentensi inajibu swali ambalo msikilizaji alikuwa nalo tayari moyoni. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe.

Siku tatu kabla ya mahafali, msomaji arekodiwe kwa simu, kisha mtu ambaye hajaiona karatasi aisikilize rekodi hiyo, aseme alichokumbuka. Ombi asilolikumbuka liandikwe upya. Kulisoma kwa sauti kubwa zaidi hakutasaidia.

Mwalimu wa Kiswahili,
Makorora, Tanga