Kabla ya Kufungua Warumi, Tulipe Kwanza

Wapendwa wanajumuiya,

Bwana Yesu asifiwe.

Katibu amenijulisha kwamba Waraka wa Yakobo mmeumaliza na Jumamosi ijayo mnataka kuanza Warumi. Nimefurahi kwamba mmeusoma wote, sura zote tano, maana jumuiya nyingi huokota mstari huku na mstari kule na kuridhika. Ila mimi kama mzee wenu wa kanisa nina ombi, na nimeliandika waziwazi ili hata walio safarini walisome: Warumi tusiifungue bado. Tubaki na Yakobo mpaka tuwe tumefanya walau jambo moja aliloagiza.

Sura ya kwanza mliichangia vizuri sana. Mstari wa 22 mliutaja kwa kichwa: "Lakini iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu." Vijana wakaeleza habari za yule ajitazamaye kwenye kioo, akaenda zake, akasahau jinsi alivyo, na sote tukaitikia amina. Wiki chache baadaye tukafika sura ya tano, tukaipita mbio. Ilisomwa, akaulizwa mwenye swali, pakawa kimya, tukarukia habari za kuombea wagonjwa na kuwapaka mafuta kule mwishoni. Mstari wa nne tukauacha njiani. Nauandika hapa ili asiwepo wa kusema hakuusikia: "Angalieni, ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele, na vilio vyao waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi."

Mashamba ya kuvunwa wengi wetu hapa mjini hatuna. Tuna dada wa kazi. Tuna mlinzi wa usiku, tuna mama anayekuja kufua mara mbili kwa wiki, tuna fundi aliyepiga plasta chumba cha nyuma akaambiwa apitie mwisho wa mwezi, tuna kijana aliyechimba shimo la choo. Mangi wa dukani ana daftari lenye majina yetu.

Asubuhi ile sura ya tano iliposomwa, binti wa nyumba iliyotupokea alikuwa ameamka kabla yetu sote. Alikuwa amekwisha kupika chai ya tangawizi na kuchemsha viazi vitamu, amefagia uwanja na kupanga viti vya plastiki. Mstari wa nne ulipokuwa ukisomwa, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kitambaa begani, anasikiliza. Nilimwona. Kisha akaitwa alete sukari, na aliporudi tulikuwa tumeshafika kwenye subira ya Ayubu. Simsemi mwenyeji wa siku ile. Karibu kila nyumba tunayozungukia ina binti kama huyo, na hakuna hata moja ambamo nimesikia mtu akimwambia, mwanangu, vuta kiti ukae na wewe usikie.

Wasichana hawa humjia mke wangu, na hadithi zao zinafanana. Binti huletwa kutoka kijijini na mtu anayemwamini, huahidiwa mshahara, na mwezi wa kwanza ukiisha huambiwa, "Nakutunzia, wewe bado mdogo, utazitapanya." Mwezi wa pili hivyohivyo. Huko nyumbani mama yake anasubiri hela ya mbolea, mdogo wake anasubiri sare za shule. Siku binti anapoamua kuondoka ndipo hesabu inapigwa: glasi tatu zilizovunjika, dawa alizonunuliwa alipougua malaria, nauli ya kumleta. Mwisho anakabidhiwa nauli ya kurudia na mfuko wa nguo ambazo mama mwenye nyumba hazivai tena. Na anayefanya hivyo Jumapili anaimba sauti ya kwanza.

Yakobo hakuyatoa maneno yake hewani. Alilelewa katika Torati, na Torati kwenye jambo hili haina mzunguko. Walawi 19:13 inasema ujira wa mtu aliyeajiriwa usilale kwako mpaka asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inasema alipwe siku yake ileile, jua lisichwe kabla hajapewa, na inatoa sababu: ni maskini, na moyo wake unautumainia ujira huo. Ikaongeza kwamba akimlilia Bwana juu yako, itakuwa dhambi kwako. Kilio anachokitaja Yakobo ndicho hicho. Ndugu zangu, hapo pananitisha kuliko mahali pengine popote katika waraka huu, kwa sababu binti akilia usiku jikoni, yupo anayemsikia, na Maandiko yamesema nini kinafuata.

Sheria ya nchi yetu ya Tanzania nayo imesema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya malipo ya siku 28 kwa mwaka, na haimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo. Kima cha chini cha mshahara kinachotangazwa na serikali kina sehemu ya wafanyakazi wa majumbani. Sitaki tufike mahali ambapo sheria ya serikali inamtetea binti huyu kuliko jumuiya inayosoma Biblia sebuleni mwa mwajiri wake.

Wapo watakaoniambia, mzee, tunaokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. Ni kweli, na ni Waefeso 2:8 na 9, mistari ambayo watoto wa kipaimara wanaijua bila kutazama. Naomba msome na wa kumi unaofuata: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema." Wengine hukumbusha kwamba Martin Luther mwenyewe, aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, katika utangulizi wake wa Agano Jipya wa mwaka 1522, aliuita waraka huu wa Yakobo waraka wa mabua, yaani usio na uzito. Aliuita hivyo, sikatai. Lakini Luther huyohuyo mwaka 1529 alituandikia Katekisimu Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, na alipoieleza amri ya saba, Usiibe, alisema tusichukue fedha wala mali ya jirani wala kuipata kwa hila, bali tumsaidie ailinde na kuiongeza. Kwa hiyo anayemficha binti mshahara wake asijifiche nyuma ya Luther. Hatapata nafasi hapo.

Pingamizi la pili ndilo zito, nalo ni la hali halisi: fedha hakuna. Naijua hali. Ada za Januari zimetubana, biashara imelala, wengine mshahara wao wenyewe umecheleweshwa. Kwa ndugu wa namna hiyo sina maneno makali. Ninachosema ni hiki: nenda ukae naye chini, mtazame usoni, mwambie kiasi unachodaiwa chote bila kupunguza, umpe hata kidogo ulichonacho leo, mkubaliane tarehe. Usizime simu. Usimwambie fundi mtandao unasumbua wakati mtandao ni mzima. Zaburi ya 37 inamwita asiye haki yule akopaye wala halipi. Anayelipa kidogo kidogo huku akisema kweli hayumo humo.

Na wapo wanaosema, lakini mimi natoa. Natoa zaka, natoa ahadi ya jengo, nimechangia vyombo vya kwaya. Mimi ni miongoni mwa wanaohesabu sadaka baada ya ibada, naijua thamani ya kila bahasha, na jengo letu bado halina dari. Hata hivyo nasema kwa moyo wote: kama binti wa nyumbani kwako anadai miezi mitatu, bahasha hiyo ingoje. Bwana mwenyewe alisema katika Mathayo 5:23 na 24 kwamba ukiwa madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapohapo, nenda kwanza ukapatane naye, kisha ndipo urudi uitoe. Mchungaji akiuliza kwa nini sadaka imepungua mwezi huu, nitamjibu mimi.

Imani ya namna hii si ngeni katika nchi zetu. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukaingia kwetu kwa njia ya Bukoba na kufika Kenya, uliacha sifa kubwa moja mbali na nyimbo zake: watu waliookoka walirudisha vitu. Walirudisha vya mwajiri na vya serikali walivyokuwa wameiba, wakalipa madeni ya zamani, wakawaendea waliowachukia wakapatana nao. Hata waliowacheka kwa kulia kwao hadharani walishindwa kuwacheka mbuzi aliporudishwa zizini kwa mwenyewe. Wazee wale walikuwa wanamfuata Zakayo, ambaye katika Luka 19 hakuomba kwanza apewe somo la wiki sita. Alisimama, Yesu akiwa mgeni wake, akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemnyang'anya kwa hila namrudishia mara nne. Yesu akajibu, "Leo wokovu umefika nyumbani humu."

Sisi tumezungukwa na neno kuliko wazee wale. Mahubiri yanaingia kwenye simu alfajiri, tunasikiliza mengine kwenye daladala, jioni yapo ya redio. Kila mtu ana mhubiri ampendaye na anaweza kukueleza anavyopanda na kushuka sauti. Ezekieli aliambiwa habari hizi katika sura ya 33: watu watakuja, watakaa mbele yako, wewe utakuwa kwao kama wimbo mzuri wa mtu mwenye sauti ipendezayo, watayasikia maneno yako wasiyatende. Nasoma sura ile kwa hofu, kwa sababu watu wale hawakuwa wapagani, na mahudhurio yao yalikuwa mazuri.

Basi naomba Jumamosi hii tukutane saa ileile, kumi na mbili asubuhi, bila somo jipya. Mwenyeji asiandae chakula, chai inatosha, na dada wa nyumba akae nasi tangu wimbo wa kwanza. Kila mtu aje akiwa amekwisha kuzungumza nyumbani kwake, mume na mke pamoja, maana mara nyingi mmoja anadhani mwenzake amelipa. Sitamwita mtu asimame atangaze deni lake. Hayo yabaki kati yenu na mnayemwomba radhi. Nitauliza swali moja tu: nani bado anasubiri? Ambaye hana kabisa na anadaiwa na mtu anayehitaji sasa hivi, mfuko wa jumuiya upo, na mweka hazina nimeshaongea naye. Warumi itafuata.

Mimi niko nyumbani kila jioni kuanzia saa kumi na moja. Asiyejua kupiga hesabu ya malimbikizo aje na tarehe aliyoanza kazi yule binti na kiasi alichoahidiwa, tutakokotoa pamoja, na kikombe kilichovunjika hakitaingia kwenye hesabu hiyo. Dada yeyote anayetaka kuzungumza bila mwajiri wake kusikia, mke wangu atampokea. Aliye mbali apige simu.

Ni mimi mzee wenu wa kanisa, niwapendaye katika Bwana.