Ruzuku za watoto wadogo zitolewe kwa maombi ya pamoja

Bwana Mhariri,

Tangu 2019 masomo ya shule za msingi za serikali hapa Kongo (DRC) hayalipiwi, lakini uamuzi huo haukugusa chekechea, hivyo mama wa Ruashi anayeuza unga sokoni asiyeweza kulipa humwacha mtoto wa miaka minne mikononi mwa dada yake, ambaye naye hukosa masomo.

Fedha si kwamba hazipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inazitaka kampuni zinazochimba kutenga angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoathiriwa na migodi. Tatizo ni kwamba misaada mingi huku Lubumbashi hugawanywa vipande vipande: kituo cha afya hupewa ya chanjo, parokia ya chekechea, shirika fulani ya lishe, na mwalimu anayeona mtoto anakonda hajui amwelekeze kwa nani.

Napendekeza kamati zinazosimamia fedha hizo za migodi zipokee maombi yaliyotiwa sahihi na watoa huduma wote wa mtaa mmoja, na sehemu ya ruzuku ilipe mshahara wa mtu wa kuwaunganisha, nauli zake na daftari la pamoja la watoto. Wafadhili hukwepa gharama hizo kwa kuwa hazibandikwi kibao chenye jina lao (ukuta mpya hupigwa picha vizuri zaidi), ingawa bila mtu huyo makubaliano hubaki kwenye karatasi. Wazazi nao wapewe viti katika kamati hizo.

Mzazi, Ruashi, Lubumbashi