Mahindi yenye ukungu yasipokelewe stoo za shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wa Tabora, hasa sisi tunaochangia chakula cha shule kwa debe la mahindi.

Msimu wa michango ukifika, mahindi mazuri tunayaweka ya kuuza na ya kula nyumbani. Yaliyonyeshewa, au yaliyoanikwa chini bila turubai, ndiyo yanayopelekwa shule. Katika stoo ya shule moja hapa wilayani nilichota kiganja kimoja tu: punje zina ukungu wa kijani, nyingine zimepasuka, nyingine nyeusi kwenye kiini, na gunia linanuka uvundo. Mpokeaji anaandika jina la mzazi kwenye daftari, basi. Ukiuliza, unaambiwa yataiva.

Makande yataiva, lakini sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiishi kwa moto wa jikoni. Ukungu unakufa, sumu uliyoiacha inabaki kwenye sufuria. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 20 walifariki kwa mahindi ya namna hii. Hao waliipata kwa wingi. Anayeila kidogo kidogo kila siku ya shule huharibiwa ini taratibu, na baadaye saratani ya ini inaweza kumfuata.

Kukoboa hupunguza, maana sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba. Ila shule nyingi husaga dona ili unga usipungue. Sipingi dona, lina virutubisho, lakini linataka mahindi safi.

Karanga ndizo zinazoniuma zaidi, kwa kuwa mkoa wetu unazilima. Zilizonona zinakwenda sokoni. Zilizosinyaa na kubadilika rangi huuzwa bei ya chini, husagwa, halafu huchanganywa kwenye unga wa uji wanaokunywa watoto wa darasa la awali. Tunauita uji wa lishe!

Nashauri kila debe limwagwe kwenye turubai mbele ya kamati ya shule, mzazi achambue. Punje chache mbovu ndizo hubeba sumu nyingi. Kama yana unyevu, chumvi itasema: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yarudi yakaanikwe. Na zile punje mbovu asipewe ng'ombe, maana sumu hurudi kwetu kwenye maziwa.

Macho hayawezi kuona yote. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), waliokabidhiwa usalama wa chakula tangu 2019, wachukue sampuli stoo za shule pia, wakishirikiana na maofisa afya wa halmashauri.

Mavuno hayako mbali. Kabla hayajaingia, halmashauri zitoe waraka unaompa mwalimu mkuu haki ya kukataa debe la mzazi yeyote, hata awe diwani au mwenyekiti wa kijiji.

Mzazi,
Urambo, Tabora