Barua ya wazi kwa walimu wa Kiswahili mnaokwenda Afrika Kusini

Wanangu,

Nasikia mnajiandaa kwenda kufundisha Kiswahili, somo la hiari ambalo Angie Motshekga, wakati huo waziri wa elimu ya msingi wa huko, alilitangaza mwaka 2018. Hongereni. Ila kabla hamjafunga mizigo, nisikilizeni.

Mwaka 1974 serikali ya makaburu iliamuru shule za Waafrika zifundishe hisabati na masomo mengine kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu wenyewe. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kuipinga amri hiyo, wakapigwa risasi. Basi msije mkasimama mbele ya wazazi wa Kizulu au Kisotho mkawatangazia kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya Afrika. Jifunzeni lugha yao, muwaamkie kwayo, ndipo muombe nafasi.

Walimu mtakaowakuta msiwadharau. Baada ya 1994 idara za elimu zilizogawanywa kwa rangi ziliunganishwa, ikawa wizara moja na idara za majimbo tisa. Hilo ni jambo kubwa, nami nalisifu. Kwenye mtaala ndiko walikoumia. Mtaala mpya ulioanza na darasa la kwanza mwaka 1998 ulimtaka mwalimu abuni mwenyewe sehemu kubwa ya masomo na zana. Shule zilizokuwa za wazungu, zenye maktaba na vitabu, ziliumudu. Mwalimu wa kijijini Limpopo, ambaye mwenyewe alisomeshwa chini ya Sheria ya Elimu ya Kibantu ya 1953, iliyowapa Waafrika elimu duni, alipewa mafunzo mafupi mno akarudishwa kwenye darasa lililofurika. Mapitio ya mwaka 2000 yakaonyesha kasoro, mtaala ukaandikwa upya 2002, na kuanzia 2012 ukaja mwingine. Mwalimu huyo akiwapokea kwa uchovu, mvumilieni, kisha kaeni darasani kwake mumwone anavyofundisha.

Tena msiipite bodi ya shule. Sheria ya 1996 iliipa bodi, yenye wazazi wengi, mamlaka juu ya lugha na ada. Mimi kipengele cha ada sikukipenda tangu mwanzo: wenye fedha waliajiri walimu wa ziada, maskini wakabaki walivyo. Sheria ya 2024 imeipa idara ya jimbo neno la mwisho kuhusu lugha, lakini wazazi bado ndio wa kuwashawishi.

Hapa Mazimbu, Morogoro, tuliishi na wakimbizi wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, katika shule ya Solomon Mahlangu hadi walipotukabidhi majengo mwaka 1992. Wapo waliorudi kwao na Kiswahili. Watafuteni hao, wawapeleke kwa wazazi.

Mwalimu wenu mstaafu,
Morogoro